Leza ya ubongo na shamba la chai: Tuulize kabla ya kuuza

Mwezi uliopita nilikaa siku nne Litein, kaunti ya Kericho, kwa jambo la kifamilia. Msomaji wa Pwani huenda hajawahi kukanyaga mji huo, lakini chai anayoteremshia mahamri yake asubuhi si ajabu ikawa imetoka huko. Majani huchumwa kwenye vilima vya Bureti, hukaushwa kiwandani, kisha magunia hushuka hadi maghala ya Shimanzi na Changamwe kusubiri mnada wa Mombasa. Dada yangu ameolewa huko, mwaka wa kumi na tatu huu. Mumewe, shemeji yangu, ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana saratani ya ubongo ambayo imerudi.

Nasema imerudi kwa sababu mara ya kwanza alipasuliwa, akapigwa mionzi wiki sita, akameza vidonge vya kemo, akarudi darasani. Tulishukuru. Miezi kumi na moja baadaye mkono wa kushoto ukaanza kuangusha chaki. Picha ya MRI ikaonyesha uvimbe mwingine, pembeni kidogo tu ya ule wa zamani. Ripoti ya maabara iliuita glioblastoma, aina kali kuliko zote katika jamii yake.

Jioni ya pili tuliitwa sebuleni. Mzee, baba yake shemeji, alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Niliingia na "Chamgei" yangu ya kubahatisha, naye akanijibu "Chamgei mising" kwa upole wa mtu anayemsamehe mgeni. Kisha kaka mkubwa wa shemeji akatoa simu. Kulikuwa na habari imezunguka kwenye kundi la familia: madaktari Marekani wamechoma uvimbe wa ubongo kwa leza, wakaongeza dawa ya kuamsha kinga ya mwili, na wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imerudi wakaishi muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Chini ya habari hiyo kulikuwa na ujumbe wa wakala wa safari za matibabu. Alisema huduma hiyo ipo India, nafasi ni chache, na gharama ni zaidi ya shilingi milioni tano. Amana ilipwe ndani ya wiki mbili.

Familia ina ekari moja na nusu ya chai. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana.

Mzee akanigeukia. "Mtoto wangu, wewe unaandika kwenye magazeti. Hii taa ya kuchoma ugonjwa ni ya kweli ama ni ya hawa watu wa simu?"

Nikaomba siku mbili. Mimi si daktari, na sitaki mtu yeyote asome makala haya kama cheti cha daktari. Nilifanya kazi ninayoiweza: nikasoma, nikapiga simu kwa wanaojua kuliko mimi, nikauliza maswali ya kijinga hadi nikaelewa. Nilichokipata nakiweka hapa kwa sababu najua Litein si peke yake. Hata Kisauni, Malindi na Lamu kuna sebule zenye simu kama ile na hati ya shamba kama ile.

Kwanza, taa ni ya kweli. Daktari wa upasuaji hutoboa tundu dogo kwenye fuvu, la upana wa milimita chache, akapitisha kijiti chembamba chenye uzi wa kupitisha mwanga wa leza hadi katikati ya uvimbe. Mgonjwa huwa ndani ya mashine ya MRI, na mashine hiyo humwonyesha daktari joto linavyopanda, nukta kwa nukta, ili auchome uvimbe bila kuunguza sehemu ya kusema au ya kutembeza mguu. Njia hii imekuwa ikitumika Marekani kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Faida yake ni kufika kwenye uvimbe uliojificha ndani sana bila kufungua fuvu, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Lakini kwa glioblastoma, leza peke yake haikuwahi kuwa muujiza. Huu ni ugonjwa wenye mizizi. Unaweza kuchoma kila kinachoonekana kwenye picha, na bado chembe zimeshatambaa mahali ambapo picha haioni.

Sehemu ya pili ni dawa ya kinga, na hapa ndipo habari inapokuwa tamu. Mwili una askari wake, chembe za kinga, nao wamefungwa breki ili wasiwashambulie wenyeji. Saratani hujifunza kukanyaga breki hizo. Mmarekani James Allison na Mjapani Tasuku Honjo waligundua namna ya kuziachia, wakatunukiwa Nobel mwaka 2018. Dawa mojawapo iliyotokana na kazi hiyo ni pembrolizumabu, inayouzwa kwa jina la Keytruda. Wengi wetu tuliisikia kupitia rais mstaafu Jimmy Carter. Mwaka 2015, akiwa na miaka zaidi ya 90, alitangaza kuwa saratani ya ngozi imemfika hadi kwenye ubongo. Alipigwa mionzi na kupewa dawa hiyo, na miezi michache baadaye akasema uvimbe hauonekani tena. Akaishi hadi Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 100.

Kaka wa shemeji alinitajia Carter kabla sijamtaja mimi. "Si huyo ni ubongo pia?" Ndiyo na hapana. Saratani ya Carter ilizaliwa kwenye ngozi ikahamia kichwani, na aina hiyo ya saratani ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa ya kinga vizuri kuliko zote. Ya shemeji imezaliwa ndani ya ubongo wenyewe. Kuzichanganya hizi mbili ni kosa linaloweza kula shamba zima, kwa maana jaribio kubwa lililofanywa kwa wagonjwa 369 ambao glioblastoma yao ilikuwa imerudi, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020, lilitumia dawa ya kinga ya ukoo huohuo wa Keytruda dhidi ya dawa ya kawaida. Waliopewa dawa ya kinga waliishi wastani wa miezi 9.8. Waliopewa dawa ya kawaida, miezi 10. Majaribio mengine mawili makubwa kwa wagonjwa wapya nayo hayakufua dafu.

Kwa nini askari wanaoshinda ngozini wanashindwa kichwani? Sababu ni kadhaa. Ubongo una ukuta wake, mishipa ya damu iliyoshonwa kwa ukaribu kiasi kwamba vitu vingi vilivyo kwenye damu haviingii. Ukuta huo ndio unaotulinda na sumu, na ndio huohuo unaozuia dawa. Isitoshe, uvimbe wa aina hii huwa na askari wachache, na hao wachache wamelazwa usingizi.

Hapa ndipo leza inaporudi kwa kazi nyingine kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, waligundua kwamba ule mchomo huacha mlango wazi. Kuzunguka mahali palipochomwa, ukuta hulegea kwa wiki kadhaa, zaidi ya yote katika wiki mbili za mwanzo, kisha hujifunga tena. Tena chembe za saratani zilizokufa kwa joto hutapakaza vipande vyao, na askari wa kinga wakapata kumtambua adui. Basi wakauliza: tukiachia breki wakati mlango uko wazi, itakuwaje? Jaribio hilo liliongozwa na Daktari David Tran, ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha Southern California, na matokeo yalitoka mwaka 2025. Kati ya wagonjwa waliopata leza kisha pembrolizumabu, zaidi ya theluthi moja walifikisha miaka mitatu. Kwa ugonjwa huu uliokwisha kurudi, hesabu hiyo si ya kupuuzwa hata kidogo. Nilipoisoma mara ya kwanza, nakiri, nilitaka kumpigia simu mnunuzi wa shamba mimi mwenyewe.

Kisha nikasoma tena taratibu. Lilikuwa jaribio dogo, la makumi ya wagonjwa, si mamia. Wanaokubaliwa kwenye majaribio ya namna hii huchaguliwa: wenye nguvu za kutosha, wenye uvimbe wa ukubwa na mahali panapofikika, wasiotegemea dozi kubwa za steroidi. Na miongoni mwao walikuwamo wenye aina nyingine za uvimbe wa jamii hii ambazo kwa kawaida huenda polepole kuliko glioblastoma. Tumeshaona jaribio dogo likiwaka kisha likafifia. Mwaka 2019 wagonjwa 35 walipewa pembrolizumabu, wengine kabla ya upasuaji na wengine baada yake tu. Waliopewa kabla waliishi miezi 13.7 kwa wastani, wenzao 7.5. Watu walishangilia. Miaka imepita na jambo hilo bado halijawa tiba ya kawaida hospitalini. Sisemi hili la leza litafuata njia hiyo. Nasema kwa sasa ni mlango uliofunguliwa na watafiti, na upande wa pili bado wanapapasa gizani.

Neno steroidi lilinikaa kichwani. Shemeji hunywa deksamethasoni kila asubuhi ili ubongo usivimbe. Bila hiyo kichwa humuuma hadi analia. Dawa hiyo hupunguza uvimbe kwa kuwatuliza askari walewale ambao pembrolizumabu inataka kuwaamsha. Nilimuuliza daktari mmoja ninayemwamini, wa Nairobi, na jibu lake lilikuwa fupi: kwa dozi anayotumia sasa, hata kama angekuwa anaishi hatua mia kutoka kwenye jaribio, huenda asingepokelewa.

Wakala hakuuliza juu ya steroidi. Hakuomba ripoti ya maabara, wala picha ya MRI, wala kujua kama mgonjwa anaweza kupanda ngazi. Aliuliza kama pasipoti iko tayari. Nilimpigia mwenyewe, nikajifanya binamu, nikamuuliza ni dawa gani ya kinga watakayotumia na itaanza siku ya ngapi baada ya leza. Akasema "ile mpya". Nikauliza kama ni jaribio au ni matibabu ya kawaida. Akasema hospitali yao ina kila kitu. Wakala mmoja si mizani ya wote, na nina jamaa waliotibiwa vizuri sana India. Lakini muuzaji asiyeuliza ugonjwa ni upi, huyo anauza tiketi.

Tuje kwenye pesa, maana ndizo zilizotukutanisha sebuleni. Pembrolizumabu hutolewa kwa dripu kila baada ya wiki tatu, na Marekani dozi moja inauzwa zaidi ya dola 10,000. Mtu huendelea nayo kwa miezi, wengine hadi miaka miwili. Milioni tano za wakala, hata angekuwa mkweli, zingelipa nauli, mchomo na dozi chache za mwanzo. Halafu? SHA ilipoanza Oktoba 2024, kikomo cha matibabu ya saratani kilikuwa jumla ya shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Kikiongezwa mara mbili hakifiki popote kwa dawa ya bei hiyo. Na mkulima wa chai wa magharibi mwa Bonde la Ufa hahitaji kuelezwa habari za mapato: bonasi ya mwaka 2025 ilishuka hadi wakulima wakaandamana. Ukiuza ekari moja na nusu, unauza karo ya watoto watatu kwa miaka yote iliyobaki.

Nina ugomvi na namna tunavyozungumza saratani katika nchi hii. Kila kiongozi akifariki tunashtuka, tunaahidi mashine, tunasahau. Julai 2019, Bomet, kaunti jirani na Litein, ilimpoteza gavana wake Joyce Laboso, aliyekuwa ametibiwa Uingereza na India kabla ya kufia Nairobi. Mwezi huohuo tulimpoteza Bob Collymore wa Safaricom na mbunge Ken Okoth. Kilio kilikuwa kikubwa. Kuna yaliyobadilika, tuwe wakweli: zamani mtu wa Mombasa aliyehitaji mionzi ya serikali alipanda basi hadi Kenyatta, akalala kwa jamaa Eastleigh akingoja zamu. Leo kuna vituo vya kanda Mombasa, Nakuru na Garissa, na kule Ruiru, hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina mashine ya CyberKnife. (Hiyo wengine huiita leza. Siyo. Ni mionzi inayolengwa kwa makini sana, na inaweza kutumika kwa uvimbe wa kichwani. Kaka wa shemeji hakujua kama ipo, na iko mwendo wa siku moja kwa matatu.)

Mwaka 2025 serikali ilikubaliana na kampuni ya Roche kuhusu Herceptin, dawa ya aina moja ya saratani ya matiti, ikashuka hadi shilingi 40,000 kwa dozi na SHA ikaibeba. Herceptin haimsaidii shemeji. Inachoonyesha ni kwamba bei ya dawa hizi ni jambo la mezani, linazungumzika, ikiwa anayezungumza ni nchi nzima na si familia yenye hati ya shamba mkononi. Hataza ya msingi ya Keytruda nchini Marekani inatarajiwa kuisha mwaka 2028, na watengenezaji wa dawa zinazofanana nayo wameshajipanga. Ningependa kujua ni nani Afya House amekalia faili hiyo sasa hivi, maana 2028 si mbali.

Na kuna lililoniuma zaidi ya bei. Nilipomketisha dada yangu jikoni anisimulie tangu mwanzo, hesabu haikuanza na upasuaji. Ilianza miezi minane kabla. Kichwa kilimuuma alfajiri, akitapika, kisha mchana anapata nafuu. Akatibiwa malaria. Akatibiwa taifodi mara mbili. Akapewa miwani. Siku alipoanguka darasani akitetemeka mbele ya wanafunzi, jirani mmoja akasema ni kifafa cha ukoo, mwingine akasema amerogwa kwa ajili ya shamba. Pwani tungesema pepo, tukaita mganga na fungu la ubani. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na kifafa, akaanguka kwa mara ya kwanza, anahitaji picha ya kichwa. Vivyo hivyo anayeumwa kichwa kinachozidi kila wiki na kutapika asubuhi, au anayepungukiwa nguvu upande mmoja, au ambaye maneno yanaanza kumpotea. Mara nyingi haitakuwa saratani. Lakini picha hiyo, kwa bei yake yote, ni sehemu ndogo sana ya ile milioni tano.

Nyanda hizi zinalijua somo hili kwa saratani nyingine. Bomet na Kericho zimeteswa kwa miaka mingi na saratani ya umio, ile njia ya chakula. Wagonjwa hufika hospitali ya Tenwek, iliyoko Bomet tangu 1937, wakiwa hata maji hayapiti. Madaktari wa huko wamejulikana duniani kwa kuweka mirija inayofungua njia ili mtu aweze tena kula na watu wake. Mrija hauponyi. Unamrudishia mtu uji wake, na hakuna aliyewahi kuniambia hilo ni jambo dogo.

Siku ya nne nilirudi sebuleni. Nilimweleza mzee kwamba taa ni ya kweli, dawa ni ya kweli, na kwamba kwa pamoja bado zinajaribiwa, tena mbali, kwa watu wachache, wala si jambo la kununuliwa kwa amana ya wiki mbili. Nikasema kama ni mimi, nisingeuza. Ningechukua sehemu ndogo ya pesa hizo, nipeleke picha na ripoti kwa daktari wa pili, niulize kama mionzi ya kulenga inawezekana tena, niulize dozi ya steroidi inaweza kushushwa kiasi gani, na nitafute wauguzi wa tiba shufaa wamsaidie maumivu na kumfundisha dada kumgeuza kitandani siku ikifika. Mombasa tunao Coast Hospice, na nimeona walivyowasitiri watu wetu.

Kaka mkubwa alikasirika. Alisema ni rahisi kwangu, si ndugu yangu wa damu. Sikumjibu, kwa sababu kuna upande wa maneno yake ambao ni kweli. Kama ingekuwa dada yangu ndiye mgonjwa, sijui ningesoma ile ripoti mara ya pili.

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akamgeukia shemeji, ambaye alikuwa amekaa kimya siku zote zile watu wakimjadili kana kwamba hayupo, akamuuliza yeye anataka nini. Shemeji akasema, polepole kwa sababu maneno sasa yanamchelewa, kwamba anataka mtoto wa kwanza amalize kidato cha nne, na kwamba chai isiuzwe.

Mnunuzi alipigiwa simu usiku huohuo. Wiki iliyopita dada aliniandikia kwamba daktari wa pili ameona picha, na wamepangiwa Ruiru tarehe kumi na nane. Steroidi imepunguzwa nusu. Asubuhi shemeji hushuka hadi kituo cha kupimia majani, akakaa kwenye benchi na daftari, akiandika kilo za wachumaji kwa mkono wa kulia.